Koti la Mhina

Jua lilikuwa limeshazama kijana aitwaye Afisa alipofika kwa shangazi yake kuazima sufuria. Sufuria tu, basi. Rafiki yake Isaka alikuwa amemwagiza hivyo, maana safari ya kulala mlimani bila sufuria, alisema, si safari bali ni mfungo. Laiti angeazima kwa jirani. Lakini mtu mwenye lake moyoni hupenda kujipeleka pale pale panapomchoma.

"Hodi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Pita huku nyuma."

Shangazi Emiliana alikuwa ameketi kwenye kigoda, akipukuchua mahindi, uso ameuelekeza shambani. Tangu mwanawe wa pekee, Mhina, afariki wakati wa mavuno, kila jioni alikaa pale pale. Watu wa Kwaluguru walisema ni majonzi. Afisa naye alisema hivyo hivyo, kwa kuwa ndilo lililokuwa rahisi kusema.

"Mnakwenda kutafuta nini huko mlimani?"

"Hakuna kitu, shangazi. Tunapanda, tunalala, tunashuka."

"Kama wazungu."

"Kama wazungu."

Shangazi akatikisa kichwa. "Mwenzako Mhina naye alikuwa na kiranga hicho hicho. Kila asubuhi kukiwa kweupe, anaitazama ile milima ya Korogwe. Siku moja nitalala kule juu, anasema, nione Kwaluguru ilivyo ndogo."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sufuria mkono mmoja, na mkono wa pili koti. Koti la buluu, zito, lenye kofia na zipu ndefu ya chuma. Mhina alilipigania gulioni Mkata, miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika na watu waliokuwa wakivaa viraka wakaanza kuchagua rangi. Alikuwa na mchezo wa kuipandisha ile zipu na kuishusha akiwa anazungumza. Zrii juu. Zrii chini. Ilikuwa inamuudhi kila mtu.

"Huko baridi. Chukua la mwenzako."

"Hapana, shangazi..."

"Chukua. Ule utani uliotufanyia msibani ulinisaidia kupumua." Akamtazama. "Baba, wewe ndiye uliyekuwa naye shambani siku ile. Hakusema neno? Hata moja?"

Hakuwa akiulizwa kwa mara ya kwanza. Mama huyu hakutaka fidia wala mganga wa kumtaja mchawi. Alitaka neno la mwisho la mtoto wake, akae nalo.

"Hakusema kitu, shangazi."

Uongo ule ulikuwa umeshazoea njia ya kinywani mwake. Hata haukumkwama.

Sasa tuuseme sisi ule ukweli ambao yeye hakuusema.

Afisa na Mhina walikuwa binamu, na kwa Wazigua binamu ni mtani wako. Mtani anaweza kukuita mwizi wa kuku mbele ya wakwe zako, nawe ukikasirika umeshindwa. Mhina alikuwa bingwa wa kujifanya anakufa. Akijikwaa, anakufa. Akipewa jembe, anakufa. Angelala katikati ya njia, ulimi nje, mpaka wanawake wanaotoka kisimani waangushe ndoo. Kwa hiyo wao wawili walikuwa na salamu yao. Mmoja husema, "Nakufa!" Mwingine hujibu, "Kufa, nikuzike!" Kisha wanacheka.

Siku ile walikuwa wakivuna. Mhina upande wa korongo, Afisa upande wa njia, mabua makavu katikati.

"Afisa! Nakufa huku!"

"Kufa, nikuzike!"

Kimya kidogo. Halafu tena, sauti chini zaidi.

"Afisa... nakufa huku..."

Afisa alikuwa anashona mdomo wa gunia. Hakuinua hata kichwa. Akajibu vile vile, akacheka peke yake, akaendelea kushona. Alilimaliza gunia lile, akashona na la pili. Alipokwenda kumtafuta mwenzake amcheke kwa uvivu wake, alimkuta juu ya mabua, mguu umevimba kama mtungi, alama za meno ya nyoka juu ya kifundo. Macho yalikuwa wazi, yakitazama upande wa njia. Upande ambao mtu angekuja, kama angekuja.

Msibani, mtani ndiye huchekesha. Hiyo ni kazi yake, nayo haikwepeki. Afisa akavaa koti la Mhina, akatembea kwa mwendo wa Mhina, akacheza na zipu. Akaingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Wakasema, huyu ndiye mtani. Lakini ulipofika wakati wa kutia udongo, Afisa hakuonekana. Alikuwa nyuma ya banda la mbuzi, anatapika. Hakutia hata konzi moja.

Ndiye huyo aliyeondoka kwa shangazi yake na koti begani.

*

Walikuwa watatu. Isaka, Mshambaa wa Korogwe, alikuwa amewabebea mizigo wazungu walioanza kuja kutembea milimani, nao walimwachia hema lenye kiraka. Ndiye aliyeijua njia. Parsaoti alikuwa Mmasai wa nyika za Mkata, mrefu, mcheshi, waliyezoeana naye kwenye gulio la ng'ombe. Yeye na Afisa hawakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko kichuguu.

"Ero, rafiki, mlima huu una mwisho?" Parsaoti aliuliza, akihema.

"Unao," Isaka alisema. "Ila leo umesogea."

Afisa alicheka. Kicheko kikaisha upesi. Mlima wa Kwemkole ulikuwa unamvunja magoti, mapafu yanamwaka, koti linamwelemea, na bado alijiona kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Safari hii ilikuwa ya Mhina. Kila alipogeuka nyuma na kuona nyika ya kwao Handeni imetandazwa kule chini, alisikia haya. Akajikaza kisabuni, akapanda.

Walipofika ukingoni mwa msitu Isaka akasimama. Hakuwa anatania tena.

"Humu ndani hatuitani kwa majina. Mtu akipotea, anagonga. Sufuria, kidumu, jiwe kwa jiwe, chochote. Ukisikia jina lako linaitwa, si sisi. Usijibu, usiende."

"Ni nani basi?" Parsaoti akauliza.

"Babu zangu hawakutuambia ni nani. Walituambia tusijibu."

Wakapiga hema kwenye uwazi mdogo chini ya kilele. Kwa mbali, chini, taa za mji wa Hale zilianza kuwaka moja moja. Halafu hazikuonekana tena. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, mweupe, kimya, ukaziba miti, ukaziba njia. Koti lilikuwa limelowa jasho, Afisa akalitundika kwenye tawi nyuma ya hema, akakaa karibu na moto.

Parsaoti alikuwa ameshuka na kidumu kuchota maji kwenye kijito, kabla ya ukungu.

Chai ikangoja maji. Maji hayakuja.

Isaka akagonga sufuria. Ngo, ngo, ngo. Wakasikiliza. Hakuna aliyegonga.

"Nitashuka upande wa kijito na tochi," Isaka akanong'ona. "Wewe koleza moto, ndio utakaoturudisha. Usitoke hapa. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Mwanga wa tochi ukamezwa baada ya hatua chache.

Afisa akabaki peke yake na giza lililoanza kuingia. Akatia kuni. Kuni mbichi, moshi mtupu. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani. Tap... tap... Kisha yakaacha.

Ndipo aliposikia harufu.

Mabua makavu. Vumbi la shamba lililopigwa na jua. Mlimani kule, kwenye kuvu na maji, ambako hakuna mtu aliyewahi kupanda punje ya mahindi.

Akasimama.

Nyuma ya hema kitu kikasema, zrii.

Akageuka. Hakuona kitu ila ukungu. Akasema moyoni, ni tawi. Ni ndege.

"Afisa..."

Sauti ilitoka mbali, upande wa kulia, upande ambao Isaka hakwenda.

"Afisa... nakufa huku..."

Aliijua sauti ile kama anavyoujua mkono wake. Na jibu lake likamjia mdomoni lenyewe, jibu la miaka yote, likasimama nyuma ya meno linataka kutoka. Akaziba mdomo kwa viganja viwili.

Usijibu. Usiende.

Akaketi. Akautazama moto. Akajiambia mambo yote ambayo mtu hujiambia. Kwamba ni mzimu, na mzimu haufi mara ya pili. Kwamba Isaka amemwamuru. Kwamba Parsaoti atakuwa na Isaka, wanarudi, wanacheka.

"Afisa..." Chini zaidi sasa. "Nakufa..."

Ilishuka vile vile. Vile vile kabisa kama siku ile shambani, na Afisa akajiona ameshika tena sindano na gunia. Alijua kinachofuata. Kinachofuata ni kimya. Ni katika kimya kile ndipo alipomuua binamu yake, kwa kukaa tu, kwa kushona tu. Aibu ikamshinda woga.

Akachomoa kijinga cha moto, akainuka. Alipopita nyuma ya hema akanyoosha mkono kuchukua koti.

Tawi lilikuwa tupu.

Hakusimama kufikiri. Angefikiri, asingekwenda. Akaingia kwenye ukungu, akifuata ile harufu ya mabua, maana sauti haikuita tena. Miiba ilimchana. Akateleza, akakaa, akatambaa. Kijinga kikafifia, akakipuliza. Harufu ikazidi, ikazidi, halafu ghafla ikakatika, na mguu wake wa mbele ukakosa ardhi.

Lilikuwa korongo. Akashika mzizi. Akainamisha kijinga.

Chini kidogo, juu ya mwamba uliochomoza, Parsaoti alikuwa amelala, mguu umekunjika pasipo na goti. Shuka lake lilikuwa limelowa maji chapachapa, mdomo wake mweupe.

Na juu ya shuka alikuwa amevaa koti la buluu. Kofia kichwani. Zipu imepandishwa hadi kidevuni, kama mama anavyomfunga mtoto.

Afisa akashuka, akampapasa kifua. Kilikuwa kinapanda, kidogo sana. Akaokota jiwe, akagonga mwamba, akagonga, akalia, akagonga, mpaka tochi ya Isaka ilipoonekana juu.

*

Walimpandisha kutoka korongo alilotumbukia alipopotea ukunguni, wakamkalisha karibu na moto, wakamfunga mguu kwa fito na kamba za hema, wakamnywesha maji ya moto. Isaka alisema mara mbili kwamba saa moja zaidi ya baridi ile, wangekuwa wanabeba maiti. Akampiga Afisa begani. Umemwokoa, bwana. Afisa hakupenda kupigwa begani.

Parsaoti alipoweza kufungua mdomo, Afisa akamsogelea, akanong'ona.

"Kwa nini uliita jina langu? Tuliambiwa tugonge."

"Sikuita." Parsaoti alimtazama kwa mshangao. "Taya zilikuwa zimefunga. Kwani nilihitaji kuita? Si ulikuwepo."

"Nilikuwepo wapi?"

"Ero, ulikaa na mimi. Ukanivalisha koti. Sikuona uso, ukungu, lakini ulikuwa unacheza na hii zipu, juu, chini, nikasema huyu ananikera hata nikiwa nakufa. Nikakuomba, nenda kamwite Isaka." Akatetemeka. "Ukasema, ngoja kwanza. Tumwone kama safari hii atakuja."

Isaka aliacha kuchochea moto. Alimtazama Afisa muda mrefu, lakini hakuuliza. Watu wa mlimani wana adabu hiyo.

Hawakulala. Asubuhi ukungu ukafunguka na kule ng'ambo, mbali, Kwaluguru ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Afisa aliitazama kwa niaba ya mwenziwe. Kisha wakambeba Parsaoti kwa machela ya hema na kushuka.

*

Ilikuwa jioni tena Afisa alipofika kwa shangazi, sufuria mkononi, koti limekunjwa juu yake. Shangazi alikuwa pale pale kwenye kigoda. Afisa hakusubiri kukaribishwa. Alijua akikaa, ule uongo utapita tena.

"Shangazi, nilikudanganya. Mhina alisema. Aliniita. Alisema anakufa, nami nikadhani ni utani."

Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Najua alikuita," shangazi akasema.

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Tangu tumzike, jua likifika pale, anaita kutoka shambani. Afisa, nakufa huku. Hajawahi kuniita mimi, mama yake. Ulidhani nakaa hapa kupunga upepo?" Sauti yake haikupanda. "Jana tu ndiyo hakuita. Nikasema, leo mwanangu kaenda wapi?"

Afisa aligeuka akalitazama shamba.

"Kwa nini hukuniambia, shangazi?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Akaweka gunzi chini. "Ulimjibu nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba wenyewe. Afisa akapiga magoti kwenye maganda ya mahindi.

"Nilimwambia, kufa, nikuzike."

Shangazi alifumba macho. Bega lake moja likatikisika na Afisa hakujua kama ni kilio au ni kicheko, maana kwa watu wa nyumba ile vilifanana.

"Basi ulimwahidi," alisema hatimaye.

"Ulikuwa utani tu, shangazi."

"Najua ni utani. Mtani akisema atazika, anazika. Yeye alikufa. Nami nikakutafuta kwa macho pale kaburini, wewe na konzi yako ya udongo, sikukuona." Akainuka, akajishika kiuno. "Twende."

Kaburi lilikuwa mwisho wa shamba, udongo wake bado haujashikana. Afisa akachota konzi. Alitaka kusema mengi. Alisema, "Nimekuja, Mhina. Nimechelewa," akaachia udongo. Akachota tena, na tena, akilia kwa sauti kama mtoto, mpaka shangazi akamshika mkono.

Wakasimama, wakangoja. Jua likafika pale alipopataja shangazi. Likapita. Njiwa walirukia mti wa jirani. Hakuna aliyeita.

"Kanyamaza," shangazi akanong'ona. Na machozi yakamtoka, ya kuridhika, ya kumaliza.

Walirudi nyumbani. Afisa alisikia wepesi ambao hakuwa ameusikia tangu mavuno. Shangazi akawasha kibatari, akatundika lile koti kwenye msumari wake nyuma ya mlango, akasonga ugali, akaunga kisamvu. Harufu ya chakula ikajaa chumba. Hapo ndipo Afisa alipokumbuka kwamba tangu mlimani hakuwa ametia kitu tumboni. Akajinyoosha kwenye mkeka, akapiga miayo.

"Pakua basi, shangazi, nakufa njaa."

Lilimtoka lenyewe. Kama linavyomtoka mtu yeyote.

Zrii.

Afisa akageuza kichwa taratibu. Msumari nyuma ya mlango ulikuwa mtupu.

Na kutoka nje, nyuma ya nyumba, karibu kabisa na ukuta, ikaja sauti changamfu, ya mtu aliyeshiba, mwenye kicheko kooni.

"Kufa, nikuzike!"

Mwiko ulimdondoka shangazi. Kisha uso wake ukafunguka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, akashika kifua kwa mikono miwili.

"Umemsikia? Hana kinyongo, baba! Mwanangu karudia utani wake. Hana kinyongo na wewe!"

Afisa alitaka kuamini hivyo. Alijaribu hata kutabasamu, kwa ajili yake. Lakini ugali uliowekwa mbele yake hakuugusa, maana alikuwa anakumbuka maneno ya shangazi huyu huyu, jioni ile ile, pale kwenye kigoda. Mtani akisema atazika, anazika.